Usalama wa Ndege Ndogo za Burudani: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali yaliyo hapa chini ndiyo yanayorudiwa na wanafunzi wa urubani, na ndugu zao wanaowasubiri uwanjani, na abiria wanaoalikwa kwenda kuzunguka angani Jumamosi asubuhi. Yanahusu ndege nyepesi zenye injini moja ya pistoni, zinazorushwa kwa raha au kwa mafunzo. Baadhi ya mifano imetoka Afrika Mashariki. Mingine imechukuliwa Marekani, kwa sababu ripoti za uchunguzi za huko zimeandikwa kwa kina na yeyote anaweza kuzisoma.

## Mambo ya msingi

1. Je, kuruka kwa ndege ndogo ni hatari kuliko kusafiri kwa ndege za mashirika?

Ndiyo, tena kwa tofauti kubwa, na anayekuambia vinginevyo anakubembeleza tu. Ndege kubwa ya shirika ina injini mbili au zaidi, marubani wawili wanaokaguana, watu ofisini wanaofuatilia hali ya hewa na hesabu ya mafuta, na kanuni zinazomzuia nahodha kuondoka hata akitamani. Rubani wa burudani mara nyingi yuko peke yake: yeye ndiye nahodha, ndiye mpiga hesabu, ndiye mkaguzi, na ndiye pekee mwenye uwezo wa kusema leo hatuendi.

Hata hivyo, sehemu kubwa ya hatari hiyo imo mikononi mwake. Ukizisoma ripoti nyingi mfululizo utaona kwamba dakika ya ajali ni ya mwisho katika mlolongo ulioanza saa kadhaa kabla, mara nyingi ndege ikiwa bado imeegeshwa. Kwa hiyo katika majibu yanayofuata tutauliza zaidi rubani aliamua nini kabla ya kuwasha injini kuliko alivyovuta usukani mwishoni.

2. Kuna tofauti gani kati ya ajali na tukio?

Kiambatisho cha 13 cha Mkataba wa Chicago, ambacho nchi wanachama wa Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga (ICAO) hukifuata, huliita tukio ajali pale mtu anapokufa au kuumia vibaya, ndege inapoharibika muundo wake, au inapopotea kabisa. Tukio kubwa ni lile ambalo lilikaribia sana kuwa ajali. Mengine yote yanayogusa usalama huitwa matukio tu.

Tofauti kati ya tukio kubwa na ajali mara nyingi ni bahati. Ndege mbili zilizopishana kwa mita 30 zilifanya kosa lile lile la ndege mbili zilizogongana, na funzo lake halipungui kwa sababu watu walirudi nyumbani.

3. Kwa nini ripoti za uchunguzi hazisemi nani mwenye makosa?

Kwa sababu hilo si lengo lake. Kiambatisho hicho hicho kinasema wazi kwamba uchunguzi unafanywa ili kuzuia ajali nyingine, na si kugawa lawama wala dhima. Nchini Kenya kazi hiyo hufanywa na idara ya uchunguzi wa ajali za ndege iliyo chini ya wizara inayohusika na uchukuzi, si na mamlaka inayotoa leseni, na Marekani hufanywa na bodi huru inayojulikana kwa kifupi NTSB. Ripoti ya awali inatarajiwa ndani ya siku 30. Ya mwisho huchukua mwaka au zaidi.

Familia za waliofiwa huona utaratibu huu kuwa mkavu, na ni haki yao kuona hivyo. Lakini shahidi anayeogopa kesi husema machache. Masuala ya fidia na jinai yana vyombo vyake.

4. Rubani wa burudani amefundishwa kiasi gani?

Kiwango cha kimataifa cha leseni ya rubani binafsi ni umri wa miaka 17 na angalau saa 40 za kuruka, zinazoweza kupungua hadi 35 katika mafunzo yaliyoidhinishwa. Nchi moja moja inaweza kudai zaidi, na wanafunzi wengi huzipita saa hizo kabla ya mtihani.

Saa 40 ni chache. Zinatosha kumfundisha mtu kuirusha ndege katika hali njema, lakini busara ya kukataa safari haipimwi kwa saa. Anayekaribia saa mia mbili, mia tatu yuko mahali pa kuangaliwa, kwa maoni yangu, kuliko mwanafunzi mwoga: mkono umeshakuwa mwepesi, na bado hajatishwa vya kutosha.

## Joto, mwinuko na uzito

5. Kwa nini ndege inayopaa kwa raha Mombasa husitasita Nairobi?

Kwa sababu hewa ya Nairobi ni nyepesi. Mabawa, propela na injini ya pistoni vyote vinategemea wingi wa hewa, na hewa hupungua uzito kadiri unavyopanda na kadiri joto linavyoongezeka. Uwanja wa Wilson uko takriban futi 5,500 juu ya usawa wa bahari. Kwenye mwinuko huo joto la kawaida la vitabu ni nyuzi 4 hivi. Siku ya nyuzi 28 tofauti ni nyuzi 24, na kwa kila nyuzi moja marubani huongeza takriban futi 120 kwenye mwinuko wa uwanja, ili wajue ndege itajihisi iko juu kiasi gani. Utapata karibu futi 8,400. Ndege imesimama kwenye lami ya Wilson, lakini injini inajihisi iko juu ya kilele cha mlima.

Matokeo yake ni kwamba inahitaji njia ndefu zaidi ya kurukia, na ikishanyanyuka inapanda polepole. Jambo linalowadanganya wageni kutoka pwani ni kwamba kipima mwendo kinasoma vilevile kama siku zote, ilhali mwendo halisi juu ya ardhi ni mkubwa zaidi. Rubani huona lami ikikimbia, akadhani amefika mwendo wa kupaa, akaivuta ndege kabla ya wakati.

Mfano unaotajwa sana ni wa Cheyenne, jimbo la Wyoming, tarehe 11 Aprili 1996. Cessna 177 ilikuwa katika safari ya kuvuka Marekani na mtoto wa miaka 7 aliyetangazwa kuwa ndiye anayeirusha, pamoja na baba yake na mkufunzi. Uwanja uko juu ya futi 6,000, ndege ilikuwa imezidi uzito unaoruhusiwa, na dhoruba ya radi ilikuwa inaingia. Iliondoka, ikapoteza mnyanyuko (tazama swali la 11) muda mfupi baadaye, na wote watatu walikufa. Wachunguzi waliandika kwamba uamuzi wa mkufunzi wa kuondoka ulichangiwa na ratiba ngumu mno, iliyobanwa kwa sehemu na ahadi kwa vyombo vya habari. Mwinuko, uzito na radi vyote vilionekana kabla ya kuwasha injini. Kilichokosekana ni mtu wa kuwaambia waandishi wa habari wasubiri hadi mchana.

6. Ndege ina viti vinne. Kwa nini rubani anasema tusipande wanne?

Kwa sababu viti vinne si uzito wa watu wanne. Cessna 172 ya toleo la karibuni ina uzito wa juu wa kupaa wa kilo 1,157, na yenyewe tupu huwa na kilo 760 hivi, ikitegemea vifaa vilivyofungwa. Zinabaki kilo 400 hivi. Tangi zikijaa, mafuta yanachukua takriban kilo 145, maana lita moja ya avgesi, yaani petroli ya ndege za pistoni, ina uzito wa kilo 0.72. Zilizosalia ni kilo 250 na kitu: watu wazima watatu na mkoba mmoja. Wa nne akipanda, mafuta yapunguzwe, na mafuta yakipunguzwa safari ifupishwe.

Mahali mzigo ulipo ni muhimu kama kiasi chake. Masanduku mengi nyuma huuvuta mkia chini, na ndege ikishapoteza mnyanyuko ikiwa hivyo huenda isirejee. Rubani akikuuliza una kilo ngapi usione aibu, na usijipunguzie.

## Mafuta na injini

7. Inawezekanaje mtu mzima kuishiwa mafuta angani?

Swali hili huulizwa kwa dharau, na anayeuliza kwa dharau ndiye anayefaa kulisoma jibu mara mbili. Vipimo vya mafuta vya ndege ndogo za zamani havitegemeki, upepo wa mbele hula dakika kimyakimya, na ndege nyingi zina tangi mbili zinazochaguliwa kwa swichi, kiasi kwamba injini inaweza kufa kwa njaa wakati tangi la pili limejaa.

Tarehe 12 Oktoba 1997 mwanamuziki John Denver alikufa katika ghuba ya Monterey, California, akiwa peke yake katika ndege ndogo ya kuundwa nyumbani aina ya Long-EZ. Michoro ya mbunifu iliiweka swichi ya kubadilisha tangi mahali rubani anapoifikia kwa urahisi, lakini aliyeijenga ndege ile aliiweka nyuma ya bega la kushoto la rubani. Kuigusa kulihitaji kugeuka kitini, na anayegeuka hivyo huweza kuukanyaga usukani wa mkia bila kujua. Vipimo vya mafuta navyo vilikuwa nyuma na havikuwa na alama za kueleweka. Kabla ya kuondoka, swichi ilishajadiliwa na fundi, na Denver alikataa kuongezewa mafuta kwa kuwa safari ilikuwa fupi.

Kanuni za kimataifa zinataka akiba ya dakika 30 mchana na 45 usiku. Ichukulie akiba hiyo kama sakafu. Pima mafuta kwa kijiti ndani ya tangi kwa mkono wako mwenyewe, uandike saa uliyoondoka, kisha uamini saa yako kuliko kipimo cha mafuta.

8. Maji huingiaje kwenye mafuta, na mafuta yasiyo yake?

Tangi lililoachwa nusu usiku wenye baridi hutoa jasho kwa ndani, na kifuniko kilichochakaa hupitisha mvua. Kwenye viwanja vya porini mafuta ya mapipa huongeza tatizo, hivyo marubani wa zamani hawakuwa wakiyamimina bila kuyachuja kwa ngozi laini. Maji ni mazito kuliko avgesi na hutuama chini, ndiyo maana kabla ya safari ya kwanza huchotwa kikombe kidogo kutoka sehemu ya chini ya kila tangi na kukaguliwa kwenye mwanga.

Kikombe hicho hicho hukuonyesha rangi. Avgesi ya 100LL ni ya bluu, na mafuta ya ndege za jeti, Jet A-1, hayana rangi au yana unjano hafifu. Injini ya pistoni iliyotiwa mafuta ya jeti inaweza kuwaka, ikatembea hadi njia ya kurukia, kisha ikafa baada ya kupaa. Simama karibu na gari la mafuta mpaka limalize.

9. Je, barafu inaweza kuganda ndani ya injini Mombasa, kwenye joto la nyuzi 30?

Inaweza. Mafuta yanapogeuka mvuke ndani ya kabureta, na hewa inapopanuka baada ya kupita pembamba, joto la mahali hapo linaweza kushuka kwa nyuzi 20 au zaidi. Hewa ya pwani imejaa unyevu, na unyevu huo huganda kwenye koo la kabureta. Hatari huwa kubwa zaidi rubani anapopunguza nguvu ili ashuke kutua.

Kwenye propela ambayo pembe yake haibadiliki, dalili ya kwanza ni mizunguko ya injini kupungua bila kuguswa. Dawa ni kuvuta joto la kabureta hadi mwisho na kuvumilia: injini itakohoa kwa sekunde kadhaa wakati barafu inayeyuka na kumezwa, na wengi hulirudisha joto wakati huo wakidhani wameharibu mambo. Kinachowaponza wapelelezi wa ajali ni kwamba barafu huyeyuka na haiachi ushahidi.

10. Injini ikizimika, ndege itaanguka kama jiwe?

La. Bila injini ndege huteleza. Cessna 172 katika mwendo unaofaa husonga mbele takriban mita 9 kwa kila mita 1 inayoshuka, hivyo kutoka futi 3,000 juu ya ardhi tambarare una kama kilomita 8 za kuchagua shamba, upepo ukiwa shwari. Watu wengi waliotua shambani kwa mwendo mdogo, mabawa yakiwa sawa, walitoka wakitembea.

Wasiotoka ni hasa waliojaribu kurudi. Injini ikifa futi 400 baada ya kupaa, njia ya kurukia iko nyuma, na moyo wote unataka kugeuka. Kugeuka huko si nyuzi 180 tu, maana lazima uikute tena njia, na mwinuko hautoshi. Rubani huona ardhi inapanda, akalalia upande zaidi, akavuta usukani zaidi, na hapo hutokea lile la swali la 11. Ndiyo sababu wakufunzi humtaka mwanafunzi aseme kwa sauti, kabla ya kuongeza nguvu, kwamba chini ya mwinuko fulani atatua mbele yake, kushoto kidogo au kulia kidogo. Neno lililosemwa chini hukumbukwa juu.

11. "Kupoteza mnyanyuko" ni nini, na kwa nini hutokea karibu na uwanja?

Si kuzimika kwa injini. Ni bawa kukabili hewa kwa pembe kubwa mno mpaka hewa iliyokuwa ikiteleza juu yake inajitenga, na bawa linaacha kubeba. Ndege inayogeuka inahitaji mnyanyuko zaidi: ikilala nyuzi 60 huku ikishikilia mwinuko, bawa hubeba uzito maradufu, na mwendo wa chini kabisa wa kuruka hupanda kwa asilimia 41. Ndege inayoacha kuruka kwenye fundo 50 (maili 50 za baharini kwa saa) ikiwa sawa, sasa itaacha kwenye 70.

Karibu na uwanja rubani yuko chini, polepole na anageuka. Kona ya mwisho kabla ya kunyookea njia ndiyo mbaya kuliko zote: upepo umemsukuma akaipita njia, akageuka kwa nguvu huku akikanyaga usukani wa mkia kuisaidia pua, na bawa moja likafa kabla ya jingine. Hakuna nafasi ya kurekebisha. Aliyepitiliza aongeze nguvu, aende juu, arudi tena. Avgesi ya mzunguko mmoja ni ndogo kuliko gharama ya kitu kingine chochote katika uwanja ule.

## Mawingu, usiku na milima

12. Kwa nini rubani asipite tu katikati ya wingu dogo?

Kwa sababu sikio la ndani, linalotuambia kipi ni juu na kipi ni chini, hudanganya upeo wa macho unapopotea. Ndege ikianza kugeuka taratibu, majimaji ya sikioni yanazoea, na mwili husema uko sawa. Kila marekebisho ya hisia hukaza zaidi mzunguko.

Mwaka 1954 Chuo Kikuu cha Illinois kiliwajaribu watu 20 wasio na mafunzo ya kuruka kwa kutegemea vyombo vya ndege peke yake, kwa kuwanyima upeo wa macho ndani ya ndege huku mkufunzi akiwa kando. Wote 20 walipoteza udhibiti, na wastani wa muda ulikuwa sekunde 178. Chini ya dakika 3. Kumbuka kwamba hao walijua wanajaribiwa na hawakuwa na watoto kiti cha nyuma.

Nchi yetu ina mtego wake. Mawingu ya asubuhi ya Juni na Julai hulala juu ya ukingo wa Bonde la Ufa, na mtu aliyeondoka kwenye jua huikuta njia ya kurudi imefunikwa. Geuka ukiwa bado unaona ulikotoka.

13. Kama anga ni jeupe, je, usiku kuna hatari gani?

Ya swali la 12, bila wingu hata moja. John F. Kennedy Mdogo aliondoka New Jersey tarehe 16 Julai 1999, saa 2:38 usiku, akimwendesha mkewe na shemeji yake kwa Piper Saratoga. Kulikuwa na utusitusi wa hewa. Alipoacha taa za pwani na kuelekea kisiwa cha Martha's Vineyard juu ya bahari, mbele yake hapakuwa na mstari kati ya maji na mbingu. Karibu saa moja baada ya kupaa ndege iliingia baharini katika mzunguko wa kushuka. Wachunguzi walihitimisha kwamba alipoteza mwelekeo. Hakuvunja sheria kwa kuruka usiku ule. Alikuwa amechelewa kuondoka, na kila nusu saa ya kuchelewa ilimsogeza kutoka safari ya jioni hadi safari ya gizani.

Huku kwetu ikweta giza haliji kwa kupiga hodi: jua likizama kati ya saa 12 na saa 1 jioni, machweo hayadumu hata nusu saa. Aliyepanga kufika "jioni jioni" amepanga kufika usiku.

14. Milima ina ubaya gani zaidi ya kuigonga?

Upepo unaovuka mlima hushuka upande wa pili kama maji yanavyoporomoka nyuma ya jiwe mtoni, na ndege nyepesi iliyopungukiwa nguvu kwa mwinuko (swali la 5) inaweza kushuka pamoja nao ijapokuwa injini inanguruma na pua imeinuliwa. Wanaoruka kutoka Wilson kuelekea Bonde la Ufa huukuta mtikisiko huo ng'ambo ya vilima vya Ngong. Ukaribie ukingo kwa mshazari ili kugeuka kuwe rahisi, na uende asubuhi.

Steve Fossett, aliyekuwa ameizunguka dunia peke yake kwa puto na kwa ndege, aliondoka Nevada tarehe 3 Septemba 2007 kwa matembezi katika ndege ya viti viwili. Hakuacha mpango wa safari. Msako mkubwa haukumpata, na mabaki yalipatikana milimani California baada ya mwaka mzima. Wachunguzi walitaja mikondo ya hewa ya kushuka iliyozidi uwezo wa ndege kupanda.

15. Je, ndege ndogo inaweza kuuzunguka Kilimanjaro?

Kuzunguka, ndiyo, ila kupita juu ya kilele ni jambo jingine. Kilele kiko mita 5,895, zaidi ya futi 19,300, wakati Cessna 172 huishia karibu futi 14,000. Kanuni za kimataifa zinamtaka rubani atumie oksijeni akikaa zaidi ya dakika 30 kati ya futi 10,000 na 13,000, na muda wote juu ya hapo. Upungufu wa oksijeni hauumi. Huleta furaha, na rubani mwenye furaha isiyo na sababu hajui kuwa hesabu zake zimeharibika.

## Viumbe, nyaya na ndege nyingine

16. Ndege wa porini wanaweza kuiangusha ndege?

Lugha yetu imewapa jina moja na kuwatenganisha kwa ngeli tu, ndege huyu na ndege hii, na kwa bahati mbaya angani pia wanagombea nafasi moja. Tarehe 10 Januari 1959 Michael Grzimek, kijana wa Kijerumani wa miaka 24 aliyekuwa akihesabu wanyama wa Serengeti pamoja na baba yake Bernhard, alikufa baada ya ndege yao aina ya Dornier, iliyopakwa milia ya pundamilia, kugongana na tumbusi. Amezikwa kwenye ukingo wa kreta ya Ngorongoro.

Tumbusi hupanda na hewa moto kuanzia katikati ya asubuhi, na korongo wakubwa wa majalalani huonekana karibu na Wilson, kati ya mji na mbuga. Ndege mkubwa akishtuka mara nyingi hujirusha chini, kwa hiyo ukiwa na nafasi mpite kwa juu. Kwenye viwanja vya mbugani, pita kwanza chinichini juu ya njia kuwafukuza pundamilia na swala, halafu zunguka utue. Ngiri ndiye mbishi kuliko wote.

17. Kwa nini marubani wanaogopa nyaya kuliko minara?

Kwa sababu waya hauonekani. Utaona nguzo, au kivuli cha nguzo, na uwazi ulio katikati yake utakudanganya. Mwandishi Ernest Hemingway alilijua hilo Januari 1954, karibu na maporomoko ya Murchison nchini Uganda, wakati Cessna 180 iliyokuwa ikiwatembeza yeye na mkewe iligonga waya wa simu uliotelekezwa na kulazimika kutua msituni. Kesho yake, huko Butiaba, ndege ya pili iliyokuja kuwachukua iliwaka moto ikijaribu kupaa. Waliokoka zote mbili, na magazeti yalikuwa yameshamtangaza marehemu.

Safari ya kutazama maporomoko inamwita rubani chini, na nyaya hukaa chini, hasa kwenye mabonde ya mito. Kuruka chinichini kwa ajili ya picha ni uamuzi, na unaweza kuukataa.

18. Ndege mbili zinagonganaje mchana kweupe?

Kwa urahisi kuliko tunavyopenda kukiri. Ndege iliyo kwenye njia ya kukugonga haisogei kiooni pako. Inabaki nukta ile ile, na jicho la binadamu huvutwa na kinachosogea. Inapoanza kukua, sekunde zimebaki chache.

Tarehe 5 Machi 2024 Cessna 172 ya mafunzo na ndege ya abiria aina ya Dash 8 iliyokuwa ikielekea Diani ziligongana muda mfupi baada ya Dash 8 kuondoka Wilson. Mkufunzi na mwanafunzi wake walikufa, Cessna ikiangukia ndani ya Mbuga ya Taifa ya Nairobi. Dash 8, yenye watu 44, ilirudi na kutua salama. Wilson huchanganya wanafunzi, safari za mbugani na ndege za ratiba katika anga finyu, na macho peke yake hayatoshi. Washa transponda, kifaa kinachoitambulisha ndege yako kwenye rada, na taa hata mchana, sema mahali ulipo kwa maneno machache, na mwongoza ndege akikutajia ndege usiyoiona, jibu kwamba huioni.

## Hali za pembeni

19. Nimefanya kosa na hakuna aliyeumia. Niripoti?

Ripoti. Matukio makubwa ni lazima kwa sheria. Madogo ripoti kwa hiari, kupitia mamlaka au afisa usalama wa klabu yako. Ukitua kwa kishindo, mwambie fundi kabla ya mtu mwingine kuichukua ndege, hata kama huoni ufa. Aliyenyamaza kwa aibu amemkabidhi deni lake rubani wa mchana.

20. Mimi ni abiria tu. Niulize nini kabla ya kupanda?

Uliza nani ameachiwa taarifa za safari, na atapiga simu saa ngapi msipofika. Uliza kama kifaa cha kutoa ishara ya dharura ni cha megahezi 406, maana setilaiti ziliacha kusikiliza zile za zamani za 121.5 tangu Februari 2009. Uliza mlango unafunguliwaje. Usikaribie propela hata ikiwa imesimama, na daima ifikie ndege kwa nyuma ya bawa.

Zaidi ya yote, usimharakishe. "Lakini wageni wanatusubiri" ni sentensi ndogo yenye kazi kubwa katika ripoti nyingi, ikiwemo ya swali la 5.

21. Na rubani akizimia?

Ni nadra, lakini limetokea. Mei 2022, Florida, rubani wa Cessna Caravan alizidiwa angani, na abiria asiyewahi kurusha ndege alichukua usukani. Alizungumza redioni, akaunganishwa na mwongoza ndege ambaye pia alikuwa mkufunzi wa urubani, na akatua uwanja wa Palm Beach. Mwongoza ndege yule, asiyeijua sana aina hiyo ya ndege, alichapa kwenye karatasi picha ya dashibodi ya ndege hiyo ili ajue anamwambia aguse nini.

Ukiwa mahali pake, msogeze mgonjwa asiangukie usukani na umkaze mkanda. Shika usukani kwa vidole, mabawa yawe sawa na upeo wa macho, na usiguse nguvu ya injini ikiwa ndege imetulia. Kisha bonyeza kitufe cha redio kilicho kwenye usukani, useme "Mayday" mara tatu, useme wewe ni abiria na rubani hajiwezi, kisha uachie kitufe. Ukiendelea kukibonyeza hutasikia jibu.